Kosa la Mutalemwa kwenye Hadubini

Mutalemwa alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika maabara ya zahanati ndogo ya mtu binafsi, karibu na Bugene. Watu walimwita dokta. Hakuwa dokta, lakini hakuwasahihisha.

Siku Eliud wa Ihembe alipoleta kichupa chake kupimwa mbegu za kiume, Mutalemwa aliona haya kuliko mgonjwa mwenyewe. Waliimba kwaya moja, sauti ya besi, bega kwa bega kila Jumapili. Aliweka tone chini ya hadubini, akaona mikia inapiga, basi. Hakutaka kuendelea kuchungulia siri ya mwenzake. Akaandika: "Mwendo mzuri."

Eliud na mkewe Salvina walikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Ukoo ukaitwa, karatasi ikasomwa kwa sauti, lawama ikamwangukia mke. Kabla kahawa haijaiva shambani, Salvina alikuwa amerudi kwa kaka yake, Nyakatuntu. Mutalemwa alisikia, akasikitika kama jirani mwingine yeyote.

Miaka minne baadaye alipelekwa semina Mwanza. Mkufunzi akawaonyesha ukutani filamu ya mbegu za kiume zikiogelea.

"Hizi zinakwenda?" akauliza.

Mutalemwa alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Zinakwenda vizuri kabisa."

Mkufunzi akaeleza kwamba filamu ile ilipigwa kwa hadubini ambayo lenzi yake hupanda na kushuka kwa kasi sana, ikichukua picha za juu, za kati na za chini, kisha kompyuta huziunganisha mpaka kila mbegu ionekane pande zote. Akaigeuza picha ubavu, akaonyesha njia ya kila mbegu kwa mstari mwekundu. Nyingi zilikuwa zinazunguka palepale, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

"Hata kwa hadubini zenu za kawaida mngegundua," akasema, "mkikaa nazo dakika chache."

Wenzake walicheka kidogo. Mutalemwa alihisi masikio yanaungua. Siku ile ya Eliud aliona zinavyozunguka. Aliona, akaondoa jicho.

Aliporudi alimkuta Eliud kwenye kibanja chake, anakata majani makavu ya migomba, akamweleza bila kuzungusha maneno. Kesho yake Eliud alikuja zahanati na kichupa kipya. Safari hii Mutalemwa aliangalia karibu nusu saa, kisha akampisha Eliud aangalie mwenyewe.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo."

"Mbona haziendi mbele?"

"Haziendi. Na hata siku ile zilikuwa haziendi."

Eliud alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kofia yake. "Nilimwambia tatizo ni lake," akasema. "Nilimwambia mbele ya mama yangu."

Walikwenda Nyakatuntu pamoja. Salvina alikuwa anaanika kahawa nyuma ya jiko. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kuitandaza.

"Ile karatasi mliisoma mbele ya ukoo mzima," akasema. "Leo mmekuja kuninong'oneza huku nyuma. Nendeni mkaseme palepale mliposemea."

Kwa hiyo ukoo ukaitwa tena. Eliud mwenyewe aliruhusu siri yake isemwe. Mutalemwa alisimama mbele ya watu, akasema kosa ni lake.

Mama yake Eliud akamtazama. "Kwani ulikuwa hujui kazi yako, dokta?"

"Mimi si dokta, mama. Na kazi nilikuwa naijua. Niliona haya kuangalia."



Salvina hakuja. Alimtuma kaka yake asikilize kwa niaba yake. Maneno yalipokwisha, kaka yule alimpa Eliud mkono, akampita Mutalemwa kana kwamba hamwoni, akawasha pikipiki kurudi Nyakatuntu. Eliud alianza matibabu hospitali kubwa, peke yake. Salvina hakurudi Ihembe.