Nisomee Neno kwa Neno

Mdomo wangu ni mchafu tangu utotoni, na nilipojifunza kutengeneza programu za kompyuta, uchafu ule ukahamia vidoleni.

Watu wa kazi yangu tuna kijiprogramu tunachokibandika ndani ya programu tunayoitengeneza. Programu ikikwama, kinafungua kisanduku chekundu chini ya ukurasa na kukueleza kosa ni nini na liko mstari wa ngapi. Unaweza pia kukiachia maneno yako mwenyewe ya kujikumbusha, nacho kitakuonyesha kosa likitokea. Wenzangu huandika mambo ya maana. Mimi nilikuwa naandika kejeli. Nani atayaona? Kisanduku kile ni cha fundi, kama ovaroli isiyovaliwa mbele ya wageni.

Nilitengeneza programu ya kugawa zamu za maji kwa skimu moja ya mpunga upande wa Bahi. Karani wao alikuwa mama mtu mzima, aliyeziandika zamu hizo kwenye daftari miaka mingi bila watu kugombana shambani. Kamati ya skimu haikuamini kwamba ataiweza kompyuta. Ikampa msimu mmoja: akishindwa, kiti anapewa mwingine. Aliniambia mwenyewe siku niliyokwenda kumfundisha.

"Kazi hii ndiyo inanifanya niitwe karani, mwanangu," alisema. "Nikiondolewa, mimi ni mjane tu mwenye majaruba mawili ya mpunga."

Nilikaa naye siku mbili. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akiinua macho kwenye kioo baada ya kila herufi. Mara kwa mara programu ilikwama akiingiza zamu, nami nikawa namwambia aanze upya, taratibu, huku nikitabasamu. Nilimwachia agizo moja: "Mama, ukiona chochote chekundu, nipigie unisomee neno kwa neno. Usiruke kitu."

Niliporudi chumbani kwangu Ihumwa nikaifungua programu, na mahali ilipokuwa ikikwama nikaandika: "Bibi wa kidole kimoja kaharibu tena. Kichwa cha jiwe. Wamrudishe kwenye daftari lake." Nikacheka peke yangu, mjinga mimi. Kesho yake nikaipeleka programu hewani waanze kuitumia, na nikasahau kukizima kile kisanduku kisionekane kwa watu wengine.

Wiki iliyofuata alinipigia saa nne asubuhi, nikiwa nakunywa chai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akasema kamati nzima iko ofisini, imekuja kumwona anavyofanya kazi, na chekundu kimetokea.

"Nimeweka sauti ya juu ili na wao wakusikie," alisema. "Nasoma sasa."

Alisoma kama wanavyosoma somo la kwanza kanisani, kila neno likipewa nafasi yake. "Kosa. Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Tarehe ni tupu."

Nilijua kinachofuata. "Mama, inatosha hapo," nikasema.

"Ulisema nisiruke," akajibu. "Bibi wa. Kidole. Kimoja. Kaharibu tena." Nikaomba Mungu simu ikatike. Haikukatika. "Kichwa cha jiwe. Wamrudishe kwenye daftari lake." Halafu akasema, kwa sauti ile ile, "Ndiyo mwisho, mwanangu. Hakuna kingine."

Mtu mmoja akacheka. Kisha nikamsikia mwenyekiti wao. "Basi, mama. Hata kompyuta yenyewe imekuchoka."

Walidhani ni mashine iliyosema. Jamani, ilitakiwa sentensi moja tu kutoka kwangu: maneno hayo nimeandika mimi. Na ya pili, kwa sababu mstari wa mia mbili na kumi na nne niliufahamu: tarehe yeye aliiandika vizuri, programu yangu ndiyo iliyokuwa ikiipoteza njiani. Siku zote mbili zile kosa lilikuwa langu. Nikakohoa. Nikasema, "Nitalishughulikia," nikakata simu. Chai ilinishinda.

Kulirekebisha kulinichukua dakika kumi. Siku mbili baadaye nikapanda basi hadi Bahi, kisha bodaboda hadi kwenye skimu, njia nzima nikipanga maneno ya kuomba radhi. Nikiwa mlangoni pa ofisi nikamwona mtu mwingine kwenye kiti cha karani. Sikuingia. Nikaelekezwa shambani.

Alikuwa anang'oa magugu, matope hadi magotini. Nikamwamkia. Akanawa mikono mferejini, akaniuliza habari za safari na za nyumbani, kama mgeni yeyote.

"Mama, yale maneno," nikaanza.

"Kompyuta haijawahi kuniona ninavyoandika," alisema. "Aliyekaa na mimi siku mbili ni wewe. Nilijua kabla sijafika mwisho."

"Na ukaendelea kusoma?"

"Ulisema nisiruke."

Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Kamati umewaambia?"

"Bado, mama."

"Ofisi ile pale," akasema, akainama tena kwenye mpunga wake.

Bodaboda iliyonirudisha ilipita mbele ya ofisi. Mlango ulikuwa wazi, na mwenyekiti alikuwa amesimama kizingitini. Alinipungia mkono. Nami nikampungia, na dereva sikumwambia asimame.