Uzi wa Mudi

Kila mwaka masika yakikatika, ami yangu Suud alikuwa akisema kwamba safari hii atafunga duka, hata kwa siku chache, aende Rufiji akavue na Mudi. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Sisi wa nyumbani tulizoea kuitikia inshallah na kuendelea na chai.

Duka lenyewe liko kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi, chini ya nyumba tunayoishi. Ni duka la nyavu. Ukiingia kutoka juani, kwanza huoni kitu. Macho yakizoea unaziona zimening'inia kutoka darini, za kijani, za buluu, nyeupe, na ami katikati yake, kwenye kigoda, anafunga vielea. Maji ya nchi hii aliyajua kwa wateja. Watu wa Mtera walikuwa na wakati wao wa kuja, wa Kilombero wakati wao, na mvua ikizidi huko bara alijua nani atapiga simu. Lakini ziwa alilowahi kutia miguu yake lilikuwa moja tu, lile lililo nyuma ya kijiji alikozaliwa.

Babu yangu alikuwa na duka la chumvi, kanga na mafuta ya taa huko Rufiji, na Mudi alikuwa mtoto wa nyumba ya pili. Ndiye aliyemfundisha ami kukaa kwenye mtumbwi bila kuupindua. Mudi alishika kasia, ami alishika kopo la kukomba maji. Tangu siku hizo mmoja alimwita mwenzake Mwarabu, na huyu naye akamwita Mndengereko, na nadhani majina yao halisi waliyaacha kwa wake zao. Biashara ilipokufa kule, babu akahamia Kariakoo na familia yake, na ami akaletwa mjini akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijamtoka vizuri.

Ziwa lile lina utaratibu wake. Masika mto hufura ukaingia ziwani na mabondeni, samaki wakatawanyika kwenye majani kuzaa. Kipupwe kikiingia maji huanza kurudi mtoni, perege wakabaki ziwani wamenona, na hapo ndipo nyavu hutegwa. Baadaye jua la mwisho wa mwaka hulinywa ziwa, viboko na mamba wakasogea karibu na watu, na mwenye akili hukaa ukingoni na ndoana yake akisubiri vuli. Kwa hiyo msimu mzuri wa kuvua ulikuwa ndio msimu mzuri wa kuuza nyavu. Ami alipata nafasi pale tu ziwa lilipokuwa halivuliki. Hilo aliligundua zamani akalicheka, na kadiri miaka ilivyokwenda akaacha kulicheka.

Badala ya yeye kwenda, uzi ulikuja. Mudi alikuwa na simu kama watu wote, lakini jicho la wavu, yaani upana wa tundu lake, hakuwahi kulisema kwa simu. Maji yalipoanza kurudi, alimchukua perege wa kwanza aliyempata, akamzungushia uzi nyuma ya matamvua, akaukata pale ulipokutana. Uzi huo aliuleta Sabaha, mama anayenunua samaki wa kukaushwa Rufiji na kuwauza Buguruni. Ami aliukunja katikati, akaulaza juu ya jicho la wavu lililovutwa likanyooka. Ukilingana, wavu ndio huo. Samaki wa namna ile akiingiza kichwa hatatoka. Kisha alikata wavu, akaufunga vielea na vyuma kwa mkono wake, maana wavu wa Mudi hakumpa mtu mwingine aufunge, na Sabaha akarudi nao. Uzi ulitundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya nyuzi za miaka iliyopita.

Ungezitazama nyuzi zile usingehitaji kuambiwa kitu. Za chini zilikuwa ndefu. Zilizofuata zilipungua, kidogo kidogo, kama nywele za mtu anayeugua. Wavuvi waliongezeka, mvua zikawa za kubahatisha, na Mudi aliyeanza na wavu wa inchi tano akashuka nne, akashuka tatu. Ami alizishika wakati mwingine akiwa hana mteja. Jirani yake Praful, anayeuza kamba na maturubai, alikuwa akimwona anamtania.

"Suud bhai, mwenye duka la nyavu, samaki unanunua sokoni Feri."

Ami alimjibu kwamba na yeye muuza kamba hajawahi kufunga hata mbuzi.

Ndipo yakaja yale masika ya mafuriko. Jangwani hapakupitika, na mto Msimbazi ulikuwa ukibeba magodoro na milango ya watu. Rufiji hali ilikuwa mbaya zaidi. Mashamba ya mpunga yalizama. Ami alimpigia Mudi kila jioni mpaka simu ikawa haipatikani. Mvua zilipokatika, Sabaha aliingia dukani na viatu vyake vya mpira vikiwa bado na tope, akafungua pindo la kanga akatoa uzi.

Ulikuwa mrefu. Ami aliukunja, akaulaza kwenye wavu wa inchi tatu, ukapita. Akasogea wa inchi nne, ukapita. Ulilingana na wa inchi tano, sawasawa na zile nyuzi za chini kabisa kwenye msumari.

Alimuuliza Sabaha kama amemwona samaki mwenyewe. Sabaha alisema hakumwona, yeye alikabidhiwa uzi barabarani na mzee Mudi akicheka peke yake, wakati wenzake wote wanalilia mpunga. Akaongeza kwamba mzee kasema safari hii Mwarabu asilete sababu, afunge duka aje.

Praful alikuwa amesimama mlangoni.

"Rafiki yako kapima samaki," akauliza, "au kapima mbuzi?"

Tulicheka wote. Ami alicheka pia, mpaka Sabaha alipokwenda kumalizia shughuli zake za mjini. Mudi alikuwa ameshatimiza umri wa kusahau. Mwaka uliotangulia alimpigia ami mara mbili kumpa habari ileile. Ami aliniambia, huku akiuzungusha uzi kidoleni, kwamba mtu akizeeka hupima kitu alichokuwa nacho zamani, na mkono humfuata. Perege wa namna ile, alisema, hawapo tena. Akimpelekea wavu wa inchi tano atautega, samaki wadogo wapite humo kama watu wanaopita mlangoni, na mzee wa watu akae na njaa msimu mzima huku anachekwa.

Basi akakata wa inchi tatu. Aliufunga vizuri kuliko nyavu zote nilizowahi kumwona akizifunga. Sabaha akarudi nao, na ami alidhani anamstiri mwenzake. Kwenda hakwenda, foleni ya wateja ilikuwa imeshafika uchochoroni.

Wateja hao ndio waliomwambia. Wa kwanza kutoka Rufiji, mtu wa makamo, aliomba inchi tano. Ami alimuuliza anataka za baharini? Yule akasema za ziwani, mzee, mafuriko yameleta perege hujapata kuona. Akaja wa pili, naye inchi tano. Wa tatu alipoomba hivyohivyo, ami aliacha kuhesabu vielea alivyoshika, akakaa.

Jioni ile alifunga wavu wa inchi tano, na asubuhi akaupeleka Mbagala kwenye basi. Mudi alipopigiwa alishukuru, akauliza hali za watoto. Siku chache baadaye Sabaha akapita. Alisema wavu umefika, mzee ameuweka uvunguni. Mtumbwi alishauuza.

Ami alishusha mlango wa duka katikati ya msimu. Praful alitoka nje kutazama, akamshikia kufuli. Nilikwenda na ami kwa sababu hakuwa amesafiri peke yake miaka mingi.

Tulimkuta Mudi nyuma ya nyumba, anasuka mkeka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akanishika kichwa, akasema nimefanana na bibi yangu. Yeye na ami walikumbatiana, wakasukumana, Mwarabu umenenepa, Mndengereko umekauka, na kwa muda nilidhani yataishia hapo. Mkewe alileta wali na samaki. Walikuwa perege wa kununua, wakubwa, kila mmoja amejaza sahani. Ami alimtazama samaki wake, hakumgusa.

Mudi alinawa, akasubiri mkewe aondoke.

"Nilitaka kukuuliza jambo moja," alisema. "Kwenye simu sikuweza. Uzi wangu ulikufikia?"

Hapo ningemwelewa ami kama angesema haukufika. Sabaha hakuwepo, na nyuzi hupotea. Nilimwona anaufikiria huo mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa, na nina hakika Mudi mwenyewe ndiye aliyeuacha wazi.

"Ulinifikia," ami alisema.

Mudi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei aliyokuwa anaitarajia.

"Nilisema labda umepotea njiani. Wavu wa kwanza ulipokuja nikautega. Wakubwa wanaugonga wanarudi, nawasikia usiku. Wanaonasa ni watoto. Wavu si kitu, Suud, wavu hata wa kuazima upo. Nikajua tu kwamba umeniona nimezeeka. Na mtu uliyekaa naye mtumbwi mmoja akikuona umezeeka, basi umezeeka. Nikauuza mtumbwi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwita ami kwa jina.

Ami alisema alidhani anamsaidia. Mudi akajibu kwamba anajua, na ndiyo maana hakukasirika; angekasirika asingeuza. Kisha akamsihi ale, samaki akipoa ana shombo.

Alasiri walitaka kuliona ziwa. Nilitembea nyuma yao. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yameacha mstari wa tope kwenye vigogo, na vijana walikuwa wanatoa mitumbwi. Mmoja alimwamkia Mudi kwa heshima; baadaye nikaelewa kwamba alikuwa amekalia mtumbwi uliokuwa wa Mudi. Ami aliuliza kwa sauti ndogo kama wangeweza kuuazima, jioni moja tu. Mudi akasema magoti yake hayataki tena, na wewe Mwarabu kopo la kukomba maji umeshalisahau.

Tukarudi mjini kesho yake. Wavu wa inchi tano ulibaki uvunguni kwa Mudi, na ule wa inchi tatu alimpa mkewe azungushie kuku.

Masika mengine yamepita. Ami hasemi tena kwamba atafunga duka. Wateja wa Rufiji wanakuja, anawahudumia vizuri, na akiulizwa jicho gani linafaa mwaka huu humwambia mteja apime mwenyewe. Nyuzi zipo kwenye msumari na ule mrefu ndio ulio juu. Sabaha naye bado anapita na samaki wake kabla ya kwenda Buguruni. Akiingia, ami humtazama mikono kwanza, halafu ndipo humwitikia salamu.