Nilimtafutia Samaki Mwenzake

Mwenzenu nimejiaibisha, na wa kumlaumu simwoni. Pale mapokezi kwenye loji yetu ya Karatu, bosi wangu Mama Neema anafuga samaki mmoja mwekundu kwenye tangi la kioo. Aliposafiri alisema nimpe chakula tu, basi. Ningemsikiliza nisingekuwa nasimulia haya. Lakini mimi nimekulia Piyaya, kijiji cha wafugaji, na kwetu mbuzi akiachwa peke yake zizini hulia mpaka akakonda. Nikaenda gereji, nikaomba kioo cha pembeni cha gari bovu la watalii, nikakiegemeza kwenye tangi ili samaki ajione amepata mwenzake.

Alipojiona akatanua mapezi, akaanza kuzunguka kama bwana harusi. Siku nne nzima nikawa nawaita wageni waje waone furaha ya samaki. Chakula hakugusa; nikasema ni mapenzi.

Jana Mama Neema akarudi, akanikuta nimezungukwa na wageni.

"Lemayan, hicho kioo cha nini?"

"Alikuwa mpweke, mama. Sasa anacheza na mwenzake."

Akakigeuza kioo. Samaki akazama chini, hoi.

"Samaki wa aina hii wakionana wanauana," akasema mbele ya wote. "Umempiganisha siku nne, tena na adui asiyechoka."