Shamba la Mwenyekiti Kwanza

Nilitoka Mbinga kwa mwaliko usio wangu. Lazaro, mwenyekiti wa kitongoji kimoja huko Chiwanda, alimwita Mama Teresia wa Kitura akawafundishe watu wake kulima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isisombe udongo wa mlimani. Kilima kinacholisha kaya zote za kitongoji kilikuwa kikiliwa na maji kila masika. Mama Teresia anaongoza kikundi cha wakulima. Niliomba kufuatana naye, nione kiongozi kama Lazaro anavyoingia katika jambo asilolijua.

Asubuhi, mjini Mbinga, tulipanda gari tukiwa tumejifunika makoti. Lami inateremka kwa kona kali, na kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyoyavua. Mbamba Bay, mji wa kando ya ziwa, ilitupokea kwa joto na harufu ya usipa, dagaa wa ziwa hili, walioanikwa juani. Kutoka hapo tulishika bodaboda kwenda kusini, ziwa likiwa kulia kwetu.

Alasiri tulifika Chiwanda.

“Shikamoo mama,” alisema Lazaro.

“Marahaba, mwanangu. Kilima kiko wapi?”

Alikionyesha kwa fahari. Kilikuwa cheusi kuanzia juu hadi chini. Walikuwa wamefyeka majani yote na kuyachoma, wageni wakute pasafi.

Mama Teresia alijishika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Umeniita nijenge nyumba, miti umeshaifanya kuni!”

Ngoro huanza na majani. Hulazwa kwa miraba, kisha udongo wa katikati hufukuliwa na kuyafunika, yakawa matuta. Bila majani, mvua moja kubwa hubomoa kila kitu.

Lazaro alinywea. “Mama, nimeshatangaza kanisani. Kesho wote wanakuja na majembe. Tuchimbe hivyo hivyo. Kiongozi lazima athubutu.”

“Thubutu kwa chakula chako. Kilima hiki ni chakula cha nani?”

Mke wa Lazaro ndiye aliyedakia, “Shamba letu la nyuma ya nyumba lina majani mpaka kiunoni. Si unajua mwenyewe ulivyogoma kulifyeka?”

Asubuhi iliyofuata Lazaro aliwaambia watu kwamba kilima hakiguswi.

“Mwenyekiti kaogopa!” alipiga kelele mvuvi mmoja mwenye kofia ya majani.

“Nimeogopa kweli. Njooni mnisaidie kuogopea shambani kwangu.”

Walicheka, wakaenda. Mama Teresia alieleza kwamba kwao wanaume hulaza majani na wanawake huchimba. “Mila hiyo ibaki huko huko Umatengo!” alijibu mama mmoja, akamkabidhi mumewe jembe. Jioni shamba lilikuwa limejaa mashimo, isipokuwa ukingo wa chini ambako majani yaliisha. Lazaro aliwaambia wamalizie bila majani.

Mvua ilinyesha usiku ule, nayo haikuwa ya mchezo. Kulipokucha tulimkuta Lazaro ukingoni, matope mpaka magotini. Matuta ya pale yalikuwa yamekwenda na maji. Sehemu ya juu ya shamba, ngoro zenye majani zilikuwa zimesimama, kila shimo limeshika maji yake.

Angeweza kuyasawazisha yale matope kabla watu hawajafika. Badala yake aliwapeleka hapo kwanza. “Hapa majani yaliisha, mimi nikasema tuendelee. Angalieni vizuri, maana kilima kizima kingekuwa hivi.” Ndipo akawapandisha kuona zilizosimama.

Mvuvi yule alizizunguka, akaweka mguu juu ya tuta moja, akalikanyaga. Halikubonyea. “Mwenyekiti,” alisema, “shamba langu sijalifyeka. Mnakuja lini?”

Adhuhuri tulianza safari ya kurudi. Kilima kitaachwa kiote majani hadi msimu ujao, huku watu wakilima ngoro kwanza kwenye mashamba ya nyumbani, na wenyewe ndio waliokubaliana hivyo. Safari hii imenifundisha kwamba kiongozi asinyimwe kujaribu. Ila kabla hajaanza, ajiulize jambo likiharibika ni sufuria ya nani itakayobaki tupu, na ahakikishe ya kwanza ni yake.