Maili Nilizobania

Siku ya kwanza kazini nilichelewa dakika ishirini, nikafika nimelowa hadi magotini. Ilikuwa Buffalo, Marekani, theluji imejaa njia nzima, na miguuni nilikuwa na viatu vya kitambaa nilivyotoka navyo kambi ya wakimbizi, Tanzania. Muuguzi Msimamizi wa ile nyumba ya wazee, mama mrefu aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, aliviangalia viatu vyangu. Akaingia stoo, akatoka na soksi za wagonjwa, zile za kijani zenye vinundu vya mpira chini ili mtu asiteleze. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kutunza wazee, nimevaa soksi za wazee. Wawili walinikaribisha wakidhani ni mimi niliyeletwa kutunzwa.

Nyie vijana mnaonisimamisha nje ya kanisa kuniuliza kama kazi hii inafaa, leo nawajibu kwa maandishi, maana kusimama nje ya kanisa kwenye baridi si kwangu. Mimi ni mtu wa ndani. Tangu nistaafu nikitoka nyumbani mara mbili kwa wiki, ujue chumvi imeisha.

Zamani hatukuanza na simu inayokuambia zamu yako iko wapi. Tulianza na mkanda. Ni mkanda mpana wa kitambaa unaomfunga mzee kiunoni kabla ya kumnyanyua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, ili ushike mkanda na usimshike yeye. Siku ile ya kwanza nilimvuta babu mmoja mkono. Muuguzi Msimamizi alikuja mbio. "Huo ni mkono wa mtu," akasema, "si mpini wa jembe." Akanifundisha pia kugeuza: asiyeweza kujigeuza kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili, kulia, chali, kushoto, asipate vidonda vya kulalia. Hapo nikaelewa zile saa mbili mikononi mwake. Moja ilikuwa ya dunia, nyingine ya kugeuza.

Lakini lililonikaa zaidi alilisema jioni, nikivaa viatu vyangu vilivyokaukia kwenye bomba la kupasha nyumba joto. Nilikuwa nimemwambia bibi mmoja nitarudi kumpa maji, nikasahau. "Ukimwambia mzee unarudi, rudi," akasema. "Wewe una mambo mengi. Yeye leo alikuwa na hilo moja."

Nilikaa Buffalo majira manne ya theluji, nikashindwa, nikamchukua binti yangu Neema tukahamia Louisville, upande wa South End, walikokuwa watu wetu kutoka kambini. Huko kazi ilibadilika. Kampuni ilinituma kwenye nyumba za watu, na kila nyumba ilikuwa na mpango wa matunzo, yaani karatasi iliyoandikwa nini mzee anakula, dawa gani unamkumbusha, unamwogesha lini. Msimamizi alikuwa sauti tu kwenye simu. Gari sikuwa nalo. Nilibebwa mwaka mzima na Baba Eliya, Mrundi mwenzangu, aliyefanya zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Alitoka kazini asubuhi macho mekundu, ananipitia, ananifikisha, ndipo anakwenda kulala. Mlango wa upande wangu ulifunguka kutoka nje tu, kwa hiyo kila siku alizunguka kunifungulia, na majirani wa bibi niliyemtunza waliamini nimeajiri dereva. Siku nilipomuuliza nimlipe nini, alipiga miayo kwanza. "Ukipata lako," akasema, "utabeba wengine."

Nikasema amina. Kumbukeni hilo.

Neema alipokuwa sekondari tulihamia Columbus, tukapanga Reynoldsburg. Mratibu wa Ratiba, ndiye anayegawa wazee kwa watunzaji, alikuwa kijana mdogo aliyekula karanga huku akiongea. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Gari unalo?" Wazee wake wengi walikuwa Gahanna, mmoja huku, mwingine kule, na basi haliwafikii kwa wakati. "Bila gari sina pa kukupeleka, Mama."

Basi Jumamosi nikaenda na Neema kwenye duka la magari. Neema ndiye mkalimani, miaka kumi na sita, simu mkononi. Meneja wa Mauzo alizungumza kwa muda mrefu sana akitabasamu, kisha nikamuuliza Neema, "Anasemaje?" Neema, bila kuinua macho, akasema, "Anasema unalipa kila mwezi." Nikaona ni jambo la kawaida, kila kitu nchi hii kinalipwa kila mwezi. Nikasaini palipowekwa alama, nikatoka na gari dogo la rangi ya fedha, milango minne, linanukia upya hadi kichwa kinauma.

Sasa mnajua desturi yetu. Gari haliendeshwi hivi hivi. Jumapili nililileta kanisani, na baada ya ibada watu wote wakatoka kwenye maegesho. Mchungaji akapaka mafuta kwenye boneti na kila tairi, wazee wa kanisa wakaweka mikono. Jirani yangu Mama Riziki, Mkongo wa milima ya Kivu ya Kusini, mwenye sauti inayofika kabla yake, akafungua kitenge kipya akalifunika gari kama bibi harusi. "Ile kitenge ni ya gari," akatangaza. "Mama Neema asiiguse, asishone gauni." Vigelegele vikapigwa. Nikaambiwa nishuhudie. Nikasimama, mimi nisiyependa kusimama, nikasema Mungu amenipa gari, na kuanzia leo ni gari la watu wote.

Miezi minane baadaye Neema alihitaji karatasi fulani za shule, akapekua faili langu. Halafu akaniambia kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wetu wote, kwamba hili gari tumelikodi. Ni lisi, Mama. Miaka mitatu, halafu unarudisha, au unachukua jingine, au unalinunua hilohilo.

"Na yale mafuta ya Mchungaji?" nikamuuliza. Sijui nilitaka anijibu nini.

Kulikuwa na ukurasa mwingine. Kila mwaka niliruhusiwa idadi fulani ya maili. Nikipita, nitalipia kila maili iliyozidi. Nilipaswa kwenda kanisani Jumapili ile ile kusema jamani, nilikosea. Watu wangecheka wiki mbili wakasahau. Lakini nilikuwa nimezoea kuitwa mwenye gari. Nikanyamaza, nikaanza kuugua ugonjwa wa maili. Nilienda kazini Gahanna na kurudi. Duka lililokuwa mbali niliacha kulipenda. Kanisani nilienda kwa kuwa kukosekana kungeulizwa. Kile kitenge nilikikunja nikakiweka kwenye buti.

Wakati huo Mzee Bahati, mume wa Mama Riziki, alipata kiharusi, akapelekwa nyumba ya wazee upande wa magharibi, ng'ambo ya mji. Mama Riziki alifanya kazi kiwandani Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo siku yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili mabasi ni ya kuhesabu. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Mzee Bahati hakukubali kulishwa na wageni. Mimi ninayajua hayo kuliko mtu yeyote. Ni kazi yangu. Najua mzee anayesubiri mlango ufunguke anavyoonekana.

Jumapili ya kwanza alikuja kugonga, na chakula kwenye kibakuli alichokifunga kwa leso.

"Mama Neema, weye, unifikishe kwa Bahati. Mafuta ya gari nitatia miye."

"Ah, Mama Riziki, gari lina tatizo. Linatoa mlio."

"Mlio gani? Jana nilikuona uko naendesha vizuri tu."

"Mlio wa ndani. Fundi amesema nisiende mbali."

Alilitazama gari pale nje, linang'aa, halina hata miaka miwili. "Bon, haya," akasema. "Ile gari tuliombea sana, na bado inagonjwa. Pole yake." Akaenda kituoni na kibakuli chake.

Alirudi kuuliza mara tatu zaidi. Mara moja nilisema nimechoka, mara moja nilisema Neema analihitaji. Mara ya mwisho sikufungua. Nilikaa kwenye kochi pazia limefungwa, nikamsikia akisema kwa mtu aliyepita, "Labda amelala, anatumika kazi sana." Alinitetea mlangoni kwangu mwenyewe.

Mzee Bahati alifariki mwezi wa pili. Mazishini nilikwenda kwa gari la Mchungaji.

Mwaka wa tatu ulipokwisha barua ikaja: leta gari likaguliwe. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kustaafu, na Neema, sasa mwanafunzi wa chuo, alikuwa na hesabu yake tayari. "Chukua jipya, Mama. Kila mtu anafanya hivyo." Sikatai, nilitamani. Jipya lingeingia kanisani, vigelegele vingepigwa, na hakuna ambaye angeuliza la kwanza limekwenda wapi. Wangesema Mungu ameniongezea. Ningelinunua lile la zamani nalo, uongo wangu ungegeuka kuwa kweli kimyakimya, nami ningekuwa mwenye gari halisi. Kila njia ilikuwa na mahali pa kujificha, na kwa kujificha mimi ni bingwa.

Dukani walilizunguka na taa na karatasi. Meneja wa Mauzo alikuwa yuleyule, amenenepa kidogo. Alisoma kipimo cha maili, akasoma tena, akamwita mwenzake aone.

"Mama, hongera," akasema. "Sijaona mtu anayetunza gari hivi. Maili zimebaki nyingi sana. Ni kama hukulitumia."

Safari hii nilimwelewa bila mkalimani. Nikamuuliza zile maili zilizobaki ninapewa nini.

Akacheka kwa upole. "Hupewi kitu. Zinabaki kwenye gari. Ni faida kwa atakayelichukua."

Nilijikuta nimekaa kwenye kiti cha wateja. Reynoldsburg hadi upande wa magharibi na kurudi, kila Jumapili, tangu Mzee Bahati alipougua hadi alipozikwa. Zingetosha. Zingetosha na nyingine zingebaki. Nilikuwa nimembania jirani yangu ili niwatunzie watu wa dukani mali yao, na sasa wananipongeza. Neema alinishika bega akidhani ni presha.

"Nalinunua hili," nikasema.

"Mama, jipya lina..."

"Hili. Maili zimo humu."

Jioni nilibisha kwa Mama Riziki nikiwa na kitenge mkononi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: lisi, karatasi, mlio ambao haukuwepo, na ile siku ya pazia. Yeye alikuwa anachambua maharage, hakuacha kuchambua.

"Donc, kwa hiyo," akasema mwishowe, "tuliombea gari ya duka."

"Ndiyo."

"Mchungaji akamwaga mafuta yote ile kwa gari ya duka."

"Ndiyo, Mama Riziki."

Akacheka kidogo, kicheko kilichoishia njiani. Akatupa maharage mabovu pembeni. "Miye nilikuwa nasema, Mama Neema ana roho nzuri, shida ni gari. Kumbe gari ilikuwa nzima." Hapo aliacha kuchambua. "Bahati alikuwa ananiuliza, leo umekuja na nini? Kila Jumapili njo ile aliuliza. Namwambia, nimekuja na basi. Anafunga macho."

Alichukua kitenge, akakikunjua, akaona bado kina mistari ya kukunjwa ya dukani.

"Jumapili utanipeleka makaburini," akasema. Haikuwa ombi.

Nilifanya kazi miaka miwili zaidi, nikastaafu. Siku ya mwisho Mratibu wa Ratiba, ambaye naye sasa ana mvi mbili tatu, alinipa kadi na pakiti ya karanga. Mkiniuliza kuhusu gari, nitawaambia hivi: kukodi si dhambi, lakini soma karatasi, na usimpe mtoto wa miaka kumi na sita simu na kalamu pamoja. Mkiniuliza kuhusu kazi, nitasema niliifanya vizuri. Nilirudi kila nilipoahidi. Niliwageuza kwa saa. Hakuna mzee wangu aliyepata kidonda. Wote walikuwa wageni kwangu, na kwa wote nililipwa.

Kila Jumapili baada ya ibada nampeleka Mama Riziki, kitenge chake kimefunika kiti cha mbele. Sasa wengine nao wananijazia siti za nyuma, wa hospitali, wa sokoni, na kipimo cha maili kimekwenda mpaka Neema hataki kukitazama. Lakini makaburini nilikuwa nabaki ndani ya gari. Nilimwambia ni baridi. Kiangazi nikamwambia ni jua. Yeye anakwenda, anasimama, anaongea naye kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, anarudi, na mimi nimeshika usukani kama mtu anayeendesha.

Jumapili iliyopita alirudi mapema. Akagonga kioo kwa pete yake.

"Shuka."

"Nakungoja tu, Mama Riziki."

"Miye nimemwambia umenileta na gari. Anataka kuona nani anaendesha." Akafungua mlango mwenyewe, kutoka nje, akaushikilia. "Shuka, Mama Neema. Usimngojeshe."

Nikashuka.