Firigisi ya Bakoki Wangu

Mimi hufundisha amani. Ndiyo kazi yangu, katika tawi dogo la chuo kikuu hapa Kitale, ghorofani juu ya duka la mbolea, ambapo wanafunzi hujifunza upatanisho huku wakinusa dawa ya kupe. Kwa hiyo najua vizuri jinsi kinyongo kinavyoanza na kinavyolelewa. Kujua hakukunisaidia kitu.

Rafiki yangu anafundisha somo hilohilo Bungoma. Tulitahiriwa msimu mmoja, basi sisi ni bakoki, na bakoki wako humkasirikii mbele za watu. Unamtania tu mpaka roho ipoe. Majuzi mjane mmoja wa ng'ambo, ambaye marehemu mumewe alitajirika kwa kuuza pampu za maji, aliamua kufadhili utafiti wa amani katika vyuo vyetu. Sote wawili tuliomba. Sote wawili tuliandika juu ya ugomvi wa mashamba kati ya watu wa Mlima Elgon na majirani zao wa chini. Akapata yeye.

Ningependa kusema alipendelewa. Nililiomba andiko lake nikalisoma nikitafuta kosa, nikalisoma tena, na kosa sikuliona. Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililonichoma, maana mtu aliyependelewa unaweza kumdharau ukalala usingizi.

Akapewa ofisi mpya, akapewa wasaidizi, akapewa pikapu nyeupe yenye picha ya njiwa mlangoni. Njiwa huyo alinikera kuliko vyote. Miaka yote mimi nimepanda mlima huo kwa bodaboda, nikirudi na tope hadi magotini. Nimekaa na wazee wa kule kwenye mashamba yao ya viazi mpaka wakaacha kunyamaza nikifika, ingawa mimi pia ni mtu wa chini. Gari alikuwa nalo yeye. Wazee nilikuwa nao mimi.

Na alilijua hilo, kwa sababu alinipigia simu.

"Bakoki, kuja Jumamosi. Huyo mama mfadhili anakula kwangu. Halafu nataka unipeleke kwa wazee wa mlimani. Mimi watanifukuza, bana. Hawanijui."

"Tutaongea," nikamwambia.

Moyoni nilishakata shauri. Mjane alikuwa ametamka wazi kwamba hatafadhili mazungumzo ya upande mmoja. Nikikataa, utafiti wote unaanguka. Nilipanga kukataa palepale mezani, kwa sauti ya upole, kama mtaalamu mwenye shughuli nyingi. Nikavaa koti langu zuri nikashuka Bungoma.

Nyumba ilikuwa imejaa. Mjane alikuwa mwembamba, mtu wa kucheka kwa urahisi, ameketi kati ya mkuu wa kitivo na baba mdogo wa mwenyeji wetu. Mimi niliwekwa pembeni, karibu na mlango wa jikoni, nikafurahi kuwekwa hapo. Ilikuwa sababu nyingine ya kukataa.

Kuku akaletwa. Kwetu kuku hachinjwi hivihivi, na firigisi yake haipakuliwi kwa yeyote. Ni ya mwenye boma, naye akitaka kumheshimu mtu humpa, na watu wote huona kapewa nani. Siku hiyo palikuwa na shida tamu. Akiila mwenyewe, ataonekana mchoyo mbele ya mfadhili. Akimpa mkuu wa kitivo, baba mdogo atanuna mpaka Krismasi. Akimpa mjane, wazee watakohoa, kwani zamani mwanamke hakugusa hata bawa. Huyo hapo mtaalamu wa upatanisho, nikajisemea, hebu apatanishe sahani hizo. Nilimwombea aibu, tena kwa moyo mkunjufu.

Mkewe akaweka bakuli mbele yake. Akaitafuta firigisi kwa kijiko, akasimama, akazunguka meza. Akampita mkuu wa kitivo, akampita mjane, akampita baba yake mdogo, akaja hadi mlango wa jikoni akaniwekea mimi.

"Huyu ndiye alianza hii kazi kabla sisi wote," akasema. "Mimi nimefuata tu. Baba, usikasirike, huyu ni bakoki yangu."

Baba mdogo akacheka. "Si umpe tu, ameshakonda huko Kitale."

Mkuu wa kitivo akamnong'onezea mjane maana ya jambo hilo, naye akanitazama huku ameweka mikono kifuani. Wote wakasubiri nile.

Angeniacha pale pembeni, ningekuwa na la kusema. Lakini firigisi ya mtu huwezi kuila mbele ya watu wake kisha ukamnyima alichokuomba. Nikatafuna. Ilikuwa laini, imeungwa vizuri, kuliko inavyoungwa kwangu. Nilipomeza nikasema Jumatatu tutapanda pamoja kwa wazee. Mjane akapiga makofi.

Wivu haukwisha. Uliongezeka. Nilikuja nikimwonea wivu wa ofisi na gari, nikaondoka nikimwonea wivu wa ule moyo wa kuzunguka meza, kwa sababu firigisi ingekuwa yangu kutoa, ningempa mjane.

Jumatatu asubuhi pikapu ilisimama nje ya nyumba yangu Kitale, njiwa mlangoni. Bakoki wangu alikuwa ameingia dukani kuwanunulia wazee sukari. Jirani yangu akatoka, akaizunguka, akagusa mlango.

"Daktari, hii gari ni yako?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikamwambia ni ya rafiki yangu, kisha nikaingia nikakaa kiti cha mbele, nikamsubiri.