Gari Lilipochemka Barafuni

Harufu ya injini iliyochemka siivumilii mpaka leo, ule mpira unaoungua na mvuke wenye kutu. Wengine ikiwafika puani hukumbuka jua kali la Texas. Mimi hunirudisha kwenye asubuhi ya baridi ya kuumiza meno, nikiwa na miaka tisa, tulipokuwa tunatoka Arlington kwenda Houston kumzika bibi yangu mzaa mama.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya barafu, na sisi watoto tulikuwa tukishangilia, hadi alfajiri moja mjomba alipopiga simu kutoka Houston. Bibi, ambaye alikuwa ametoka Tanga kuja kukaa naye, amefariki. Mama hakulia kwanza. Aliomba jambo moja tu. "Kaka, msimwoshe mpaka nifike. Nataka nimwoshe mama yangu mwenyewe." Mjomba akasema watamsubiri, lakini maziko lazima yawe adhuhuri, maana makaburini walikuwa wanafunga baada ya hapo kwa sababu ya barafu, na hakuna aliyejua watafungua lini.

Sasa, rejeta la gari letu lilikuwa linavuja kidogo. Kiangazi kizima baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala huko Grand Prairie, aliliongezea maji ya bomba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kama alivyofanya Tanga maisha yake yote. Kule nani aliwahi kuona maji yakiganda ndani ya gari? Ile dawa ya kuzuia maji yasigande ilikuwa imeshavuja yote, naye hana habari. Kabla hatujafika mji wa Ennis, hita ikaanza kupuliza baridi, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafunika kioo chote cha mbele. Jamani! Sisi tunatetemeka, injini inachemka. Nikauliza kwa Kiingereza, lugha niliyojibia kila kitu siku hizo, gari linachemkaje kwenye barafu. Baba alifungua boneti, akagusa rejeta, akarudi dirishani uso umemshuka. "Limeganda, Mama Zuhura. Maji hayapiti."

Alipigia simu kila mtu tuliyemjua. Wote walitaka kuja, lakini barabara zilikuwa barafu tupu na magari yalikuwa yamekwama kila mahali. Tulikaa pale pembeni mwa barabara tumejifunika kanga za mama juu ya makoti, mpaka mke wa mjomba alipopiga. "Wifi, nisamehe. Muda umekwisha, tunaanza. Nakuwekea simu karibu." Mama akaushika mkono wangu, akaanza kuwaelekeza kwa sauti ya chini wanawake asiowajua. "Maji yawe vuguvugu, tafadhali. Bega la kushoto taratibu, linamuuma. Nywele msizivute." Walipomaliza alilaza kichwa kwenye dashibodi akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtu yeyote. Baba alibaki nje bila glavu. Nilimgongea kioo aingie, akakataa.

Tulifika Houston kesho yake, barafu ilipoanza kuyeyuka, tukaonyeshwa udongo wa kaburi. Mama hakumlaumu baba hata mara moja. Baba alijilaumu mwenyewe, na kwa miaka mingi hakuweza kulitaja jina la Bibi mbele ya mama.

Siku hizi gari langu halivuji, simu yangu inaniambia baridi inakuja kabla haijafika, na mimi ni mmoja wa wanawake wanaoosha maiti katika msikiti wetu hapa Arlington. Juzi tulipata mama mmoja ambaye binti yake alikuwa bado njiani kutoka Houston. Wenzangu walianza kunung'unika, na imamu akatuma mtu kuuliza tumefikia wapi. Nikasema hatuanzi, na anayetaka kukasirika akasirike. Binti akafika anahema, macho yamevimba. Nikamfunga aproni, nikamkabidhi jagi la maji, nikatoka hadi kwenye maegesho, nikalia. Nilimfurahia, wallahi. Na nilimwonea wivu, kwa niaba ya mama yangu.